Nusu ya Kivuli Niliyomgawia Nyar Muhuru

Mjomba wangu Swaleh ni mtu asiyeweza kusema uongo hata pale uongo unapomfaa. Mteja akimuuliza kama rangi ya bei rahisi itadumu, humwambia palepale kwamba mvua mbili zitaimaliza. Namtaja yeye kwanza kwa sababu jambo hili aliliona kwa macho yake, na mpaka leo ukimuuliza haongezi wala hapunguzi. Ukishindwa kuniamini mimi, mwamini yeye. Sikuwa na homa, sikuwa nimetafuna miraa, wala haukuwa usiku. Visa vya namna hii vingi hutokea gizani, sivyo? Changu kilitokea mchana kweupe, Migori mjini, nyuma ya duka la rangi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa kijana, nimetoka Malindi kuja kumsaidia Mjomba dukani. Watu wa Migori hawakujisumbua na habari za Malindi. Kwao kila aliyetoka pwani ni Mombasa tu, basi nami nikaitwa Mombasa mpaka nikaitika. Duka lilikuwa na ua mdogo wa sementi nyuma, na huko ndiko nilikojitafutia sifa. Wachimba dhahabu wa Masara wakibahatika walikuja kununua rangi ya nyumba, na hakuna aliyejua anataka rangi gani. Nikaanza kuwatengenezea vijumba vya mbao, kila kimoja kinaenea kiganjani, kina mabati yake, madirisha na mlango, na kila kimoja na rangi yake. Mteja anakishika, anakigeuzageuza, kisha anasema, "Mombasa, nipe kama hii." Kazi imekwisha.

Siku moja akapita bwana samaki wa Homa Bay, yule afisa wa uvuvi, akaviona vile vijumba. Alikuwa na shida yake. Akina mama wa ufuoni walikuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, mchangani, naye alitaka waanike juu ya vichanja. "Hotuba zangu wamezichoka," alisema. "Lakini kitu kidogo kila mtu husimama akitazame." Akaagiza ufuo mzima juu ya ubao wenye ukubwa wa kitanda: mitumbwi, vichanja, mizani, mbwa wawili, na watu arobaini, kila mmoja urefu wa kidole. Alinipa wiki tatu.

Mjomba akamjibu kwa niaba yangu, "Kijana ataweza." Alipoondoka, akanigeukia. "Ukiniaibisha, unapanda basi unarudi kwa mama yako." Nimekwisha kukuambia Mjomba ni mtu wa aina gani. Nilijua basi hilo lipo.

Watu nikawafinyanga kwa waya na pati, ule udongo wa kushikia vioo vya madirisha, nikawapaka rangi ya mafuta, nikawapanga kwenye ubao. Nilipowatazama moyo ukashuka. Walikuwa wamekufa. Mikunjo ya nguo niliyoihangaikia kwa sindano haikuonekana kabisa, na nyuso zilikuwa laini kama vifungo. Nikakumbuka kwamba vijumba vyangu vya zamani, vumbi lilipojikusanya kwenye pembe, vilianza kufanana na nyumba za kweli. Nikaona dawa ni rangi nyeusi nyepesi sana, inayoteremka yenyewe ikajaza mikunjo, ikaacha sehemu zilizoinuka. Nikaiita mchuzi.

Mchuzi wa kwanza niliuchanganya kwa tapentaini. Kumbe tapentaini haijui ipi rangi mpya na ipi ya chini. Ikazivua sketi nyekundu za akina mama sita, zikawamwagikia miguuni, wakabaki hawana kitu mbele ya wavuvi. Nikawavisha upya. Mchuzi wa pili nikautengeneza kwa rangi ya maji, na huo ukagoma. Ulijikunja matone matone juu ya rangi ya mafuta kama jasho puani, na ulipokauka kila tone likaacha duara. Wavuvi wangu wote wakawa na tetekuwanga.

Hapo ndipo alipokuja yule mama.

Mjomba alikuwa ametoka kwenda msikitini, na akitoka huko hupitia chakula, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Jua la Migori hufika utosini saa saba kasoro robo hivi, na mwezi ule lilikuwa linasimama juu ya kichwa sawasawa. Nikasikia hodi kwenye mlango wa ua. Akaingia mama wa makamo, mwembamba, beseni la omena kichwani, leso ya rangi ya chungwa kiunoni. Akasema anaitwa Nyar Muhuru, yaani binti wa Muhuru, maana kwao ni Muhuru Bay. Nikamkaribisha kiti.

"Mimi sikai," akasema. Akainama juu ya ubao. "Hii watu yako imekufa."

"Najua, Mama."

"Na hii madoadoa ni ugonjwa gani?"

Nikamweleza habari za mchuzi unaogoma. Alinisikiliza, kisha akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati nyuma mbele.

"Wewe unaosha sufuria ya samaki na maji tupu?"

"La."

"Unaweka nini?"

"Sabuni."

"Sasa."

Ni hilo tu alilosema. Mafuta hukataa maji mpaka sabuni iwapatanishe. Mama wa samaki analijua hilo tangu utotoni, na mimi muuza rangi sikuwahi kuliwaza. Nilichukua povu kidogo kwenye ncha ya kijiti nikalitia ndani ya mchuzi, nikamgusa mvuvi mmoja begani kwa brashi. Wallahi ulikimbia wenyewe. Uliteremka mgongoni, ukaingia chini ya mkono, ukazunguka mkunjo wa kaptula, ukatulia miguuni bila duara hata moja. Mvuvi akawa na mbavu na shingo. Akawa na mashaka yake usoni.

Nilipoinua kichwa nimshukuru, Nyar Muhuru alikuwa ameshafika mlangoni. "Kesho nakuja," akasema, akatoka mbio mbio.

Alikuja kesho yake saa ileile, na keshokutwa. Kila mara alikaa dakika chache, akanionyesha kosa, akakimbia. Alinifundisha kwamba mchuzi ukizidi miguuni usiufute, uguse tu na brashi kavu, nayo itaunyonya. Alinifundisha pia kumwacha mtu akauke kabla ya kumrudia. Nilidhani anawahi wateja wake. Siku yenye mawingu mazito tu ndiyo aliyokubali kukaa. Siku hiyo alikunywa chai vikombe viwili, akala mandazi, akanipigia hadithi za Muhuru mpaka mbavu zikaniuma. Akaniambia kwamba binti yake, Akinyi, analetewa ng'ombe wa mahari Jumamosi ya wiki itakayofuata, na kwamba yeye hajakanyaga nyumbani muda mrefu.

"Si utaenda sasa?" nikamuuliza.

Akatazama ndani ya kikombe. "Hiyo ni sherehe ya kukaa nje siku mzima," akasema.

Sikuelewa. Wewe ungeelewa?

Ilipofika saa tisa akainuka, akajitwika beseni lake. Wakati huohuo akaingia mteja wangu Ochola, mchimbaji wa Masara, anasukuma baiskeli, anataka kuchagua rangi ya sebule. Na wakati huohuo mawingu yakafunguka, jua likamwagika uani.

Nilikiona kivuli cha Ochola kwenye sementi. Nilikiona cha baiskeli, tairi na waya zake zote. Nilikiona changu. Na hatua moja kutoka kwa Nyar Muhuru nikaona kivuli cha mviringo, cha beseni. Beseni peke yake. Kati ya kivuli hicho na miguu yake hakukuwa na kitu, sementi nyeupe tu. Akasogea, na ile duara ikasogea sakafuni kama sahani inayoteleza.

Ochola hakupiga kelele. Aliiegemeza baiskeli ukutani taratibu, kwa adabu kabisa, kisha akatoka mbio ambazo sijapata kuziona kwa mtu mzima. Baiskeli ilifuatwa baada ya siku tatu, na hakuja mwenyewe, alimtuma shemeji yake.

Mimi nilibaki palepale. Nilisoma nilichoweza kukumbuka, na nilichanganya aya. Nyar Muhuru alishusha beseni, akalikumbatia kifuani, akaelekea mlangoni ameinamisha kichwa. Kuna namna mtu anavyotembea akiwa amefukuzwa mara nyingi. Hangoji tena kuambiwa. Hilo ndilo lililonifungua mdomo.

"Mama," nikasema, "ingia ndani, kwenye stoo. Huko hakuna jua."

Akaingia, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akanieleza. Miaka kadhaa nyuma alikuwa akitafuta dhahabu Macalder, kwenye mashimo ya zamani. Siku moja alishuka na kamba asubuhi, akapanda jioni, na kesho yake jua lilipotoka watoto wakaanza kumkimbia. "Mimi nilipanda," alisema. "Yenyewe haikupanda." Alirudi shimoni mara tatu kukitafuta kivuli chake, hakukiona, maana huko chini kila kitu ni kivuli. Tangu hapo aliishi kwa saa ya mchana jua likiwa juu ya kichwa, ambapo hakuna anayetazama chini, na kwa siku za mawingu. Masara walimrushia mawe. Hakuwahi kwenda kwao, asije akamharibia binti yake jina. Mwishowe mganga mmoja wa upande wa Nyatike akamwambia amtafute fundi anayewapa watu wadogo vivuli. Akazunguka mpaka akasikia kuhusu duka letu.

"Lakini mimi sikujua kazi hiyo," nikasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Ningefanya nini? Nilikuta hujui."

Nikacheka, na yeye akacheka, na hofu ikapungua kidogo. Kisha akaniambia sehemu ya pili. Kivuli hakitengenezwi, kinatoka kwa mtu. Fundi anachanganya mchuzi wake, anaweka sahani pale kivuli chake mwenyewe kinapoangukia, na anampaka mtu mdogo aliyemfinyanga kwa sura ya mwenye shida. Mchuzi ukiwa mwepesi, unachukua kiasi. "Ikiwa nzito, itakunywa yote," akasema. "Ndio wewe utakuwa unatembea saa saba." "Unaweza kukataa, nyathina." Hilo ni neno lao la kumwita mtu mwanangu.

Nilifikiri usiku kucha. Nitakuambia ukweli, nilifikiria pia basi la Malindi. Asubuhi nikamfinyanga mtu wa arobaini, wa mwisho kwenye ubao, mwanamke mwembamba, leso ya rangi ya chungwa, beseni kichwani. Alipokuja mchana nikamwambia, "Mimi ni mrefu, Mama. Hata kikibaki nusu kitanitosha."

Kazi yenyewe ilingoja saa tisa, kivuli changu kirefuke kifike kwenye sahani. Nilifunga mlango wa ua kwa komeo. Nikachanganya tone la nyeusi na tone la kahawia katika kikombe cha maji, kisha povu la sabuni kwenye ncha ya kijiti. Nikajaribu kwenye ukucha wa dole gumba. Ukateleza bila kusita. Nikaongeza maji hata hivyo. Sikuwa nimewahi kuchanganya mchuzi mwepesi namna ile. Nikaumimina kwenye sahani, nikaiweka sakafuni, kwenye kivuli cha kichwa changu.

Nikachovya brashi. Hapo hapo nikahisi baridi visiginoni, kama mtu anavuta shuka lililolowa kutoka chini ya nyayo zangu. Nikamgusa yule mwanamke mdogo juu ya kitambaa cha kichwa. Mchuzi ukashuka shingoni, ukapita kwenye vidole vilivyoshika beseni, ukaingia kila mkunjo wa leso, na kadiri ulivyoshuka ndivyo shuka lilivyovutwa. Niliona ukingo wa kivuli changu ukipauka. Ulipofika miguuni kwake ukajikusanya, tone moja, likawa linanenepa.

"Toa," akasema Nyar Muhuru. "Toa haraka."

Nikatafuta brashi kavu, sikuiona. Wakati huo Mjomba akafungua mlango wa dukani.

"Unafanya nini huko?"

Sikuinua macho. Nikalichomoa shati langu, nikasokota ncha yake, nikaligusa lile tone. Likanyonywa. Shuka likaachia.

Tulitazama chini wote watatu. Kwenye visigino vya Nyar Muhuru sementi ilikuwa inalowa, ndivyo nilivyodhani. Ukatoka weusi hafifu, ukatambaa polepole, ukawa miguu, ukawa kiuno, ukawa mabega, mpaka ukalifikia lile beseni la kivuli lililokuwa linangoja peke yake, ukalijitwika.

Mjomba alimtazama yule mama, akatazama sakafu, akanitazama mimi, akatazama sakafu tena. Akasema bismillahi taratibu. Kisha akamuuliza, "Mama, umekula?"

Hakuweza kula. Alitoka barabarani mbele ya duka, akatembea kwenda na kurudi, jua la saa kumi likimpiga ubavuni. Akainua mkono, kikainua mkono. Akachuchumaa akakipapasa. Wapita njia walidhani ameangusha kitu, na wawili wakainama kumsaidia kutafuta.

Ubao tuliupeleka Homa Bay siku ya Alhamisi, umefunikwa mashuka. Bwana samaki aliuweka juu ya meza chini ya turubai, na watu wakasongamana. Hakuna aliyetazama vichanja mwanzoni. Kila mtu alikuwa anajitafuta. Wavuvi wawili waligombania mtu mmoja, kila mmoja anadai ni yeye. Kisha mama mmoja muuza samaki akamnyooshea kidole yule mwanamke wa leso ya chungwa. "Huyu namjua. Mbona anacheka?" Nikainama. Mdomo wake niliuchora kwa sindano, mdogo kuliko punje ya mchanga, na naapa niliuchora umefumba. Alikuwa anacheka. Bwana samaki alifurahi sana, akasema niendelee hivyohivyo.

Jumamosi Mjomba alifunga duka, jambo asilolifanya hata akiumwa, akachukua debe la rangi nyeupe kama zawadi ya nyumba, tukaenda Muhuru Bay. Ng'ombe walikuwa wameshafika. Wageni wote walikuwa wamejibana chini ya turubai kwa joto. Nyar Muhuru peke yake alikuwa ameketi nje, katikati ya ua, kwenye kiti cha mbao, jua kali la saa nane, jasho linamtiririka. Akinyi alikuwa anambembeleza.

"Mama, utaungua. Ingia kivulini."

"Niacheni."

"Mama, tafadhali."

"Nimekaa kivulini miaka mingi," akasema. "Leo wacha nikae hapa."

Aliponiona akainuka, akanipa mikono yote miwili. "Erokamano, Mombasa," akasema, asante ya kwao, na hakuongeza. Nilitazama chini. Vivuli vyetu vilikuwa vimelala sambamba, vyepesi vyote viwili, rangi moja kama chai iliyomiminwa kutoka birika moja. Tukakaa juani mpaka wakatuletea chakula hukohuko.

Sasa nina wajukuu, na kivuli changu hakijawahi kukolea tena. Mke wangu alikigundua wiki ya kwanza ya ndoa; aliniambia kinafanana na nguo iliyofuliwa sana. Mpiga picha mmoja wa Migori alikuwa akinipiga mara tatu tatu akidhani kamera yake ina kasoro. Nikisimama juani na watu wengine, mbuzi hukimbilia kivuli cha mwenzangu, changu hawakitaki. Na saa tisa ikifika, jua liwe kali namna gani, visigino vyangu vinapata baridi. Haiumi. Ni kama kukanyaga sakafu iliyopigwa deki. Sijapata kujuta, ila soksi navaa.

Basi wewe unayependa kazi hizi za mikono, za vitu vidogo, nisikilize. Mchuzi wako uchanganye chini ya paa, na sahani iwe mbali na miguu yako. Weka sabuni, lakini kidogo. Uwe mwepesi siku zote, mwepesi kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu hujui ni siku gani utakuwa unapaka kitu kisichofutika. Na akija mgeni mchana jua likiwa utosini, akakataa kiti, usimfukuze na usimkimbie kama Ochola. Mpe chai. Ila kabla hujamwuliza shida yake, hakikisha una brashi kavu mfukoni. Mimi niliokolewa na ncha ya shati, na shati hilo, ukilianika juani leo, upande mmoja wa pindo unatoa kivuli na upande mwingine hautoi.